Nyama ya Kusaga kwa Jemadari

Jumatatu, 9 Septemba

Leo maisha yangu yameanza rasmi. Miaka kumi na mitano iliyotangulia ilikuwa dibaji.

Bibi Pascoe amekuja shuleni. Ni mwalimu mkuu mstaafu na mwenyekiti wa Chama cha Njia ya Reli, na hapa Penhale hakuna mtu, hata polisi, anayethubutu kutafuna bigijii mbele yake. Ametangaza kwamba chama kinatafuta kijana mmoja wa kuwaongoza wageni wa baiskeli msimu huu wa machipuko. Kutoka Wirrabeen, kupitia Sawmill Bend, kuvuka vilima hadi kwetu, akiwasimulia habari za handaki, madaraja na vijiji vya wachimba dhahabu. Malipo ni skoni, vile vikeki vya chai.

Sitaki skoni. Nataka ufunguo!

Kiongozi atakabidhiwa ufunguo wa Chumba cha Kusomea. Kile cha matofali mekundu pembeni mwa stesheni, walichojenga wachimba dhahabu ili jioni wasome badala ya kulewa. (Walisoma na kulewa pia. Nimefanya utafiti.) Kimefungwa tangu nikiwa chekechea. Ndani kuna vitabu kutoka sakafuni hadi darini. Huwa nachungulia dirishani kila nikitoka shule. Kioo kina doa la pua yangu.

Bibi Pascoe akauliza nani anataka. Nikanyoosha mkono. Haukufika mbali, uliishia sikioni. Akaniuliza kama nina chawa. Nikasema hapana, nataka kuongoza. Darasa zima likageuka. Nadhani kwa wengine ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yangu.

Halafu akanyoosha Rafferty Boyle. Raff! Nahodha wa waogeleaji. Ana meno mengi kuliko binadamu wa kawaida na huyaonyesha yote kwa watu asiowajua. Sijawahi kumwona na kitabu, ila siku ile alipokikalia kimoja.

Kwa hiyo tutashindanishwa. Jumamosi mimi nitawaongoza wanachama kutoka Wirrabeen hadi Sawmill Bend. Jumapili Raff atawatoa Sawmill Bend hadi Penhale. Tukifika, watapiga kura kwa mikono.

Nimefanya mazoezi ya hotuba katika bucha ya Mama, mbele ya soseji zilizoning'inia. Zimesikiliza kwa adabu. Moja imeanguka.

Jumanne, 10 Septemba

Raff ameanza kampeni. Shangazi yake ana mashine ya fotokopi, na mwanamke huyo hana kiasi. Kijiji kizima kimejaa vipeperushi. Havina neno hata moja la historia. Ni sura ya Raff tu, kubwa kama sahani, anacheka. Iko dirishani posta. Iko kwenye mlango wa kanisa. Mama kabandika moja buchani, juu ya maini! Nilipolalamika akasema mteja ni mteja, na shangazi yake Raff hununua mguu mzima wa kondoo kila wiki.

Nikachukua baiskeli nikaenda kuwaza kwenye njia ya reli. Ni mahali pazuri pa kuwaza. Treni iliacha kuja kabla Mama hajazaliwa, reli zikang'olewa ikamwagwa changarawe, na hakuna gari linaloruhusiwa kukanyaga. Hatari zilizobaki ni nyoka, wastaafu wenye baiskeli za betri, na ndege aitwaye magpai.

Leo magpai. Yule dume wa daraja la mbao, mweusi mwenye kisogo cheupe, ambaye kiota chake kiko juu ya mkaratusi mkubwa. Amenijia kutoka nyuma kama jiwe lililorushwa. Helmeti yangu ina vifungio vya plastiki vilivyosimama kama miiba ya nungunungu, vya kuwatisha magpai, kama helmeti ya kila mtu hapa msimu huu wa kutaga. Havikusaidia. Kaninyofoa sikio. Nimeendesha hadi buchani nikipiga kelele ambazo siwezi kuziandika.

Wakati Mama ananipaka dawa nikakumbuka kile kitabu changu cha ndege. Magpai hasahau sura ya mtu. Ukimlisha, ni rafiki yako miaka na miaka. Ukimuudhi, atakutafuta wewe, katikati ya umati, aache wengine wote.

Nikatazama juu ya maini. Raff alikuwa ananichekea.

Mpango umekuja wote kwa pamoja, ukiwa umevaa viatu kabisa. Jumapili, Raff mbele, anakaribia daraja. Ndege anaiona sura ya adui yake. Raff anakimbilia porini akilia. Wanachama wametaharuki. Ndipo mimi napita katikati yao, taratibu, ndege begani. Ufunguo!

Nimebandua kipeperushi cha kwenye mlango wa kanisa. Nimekigundisha kwenye boksi la viatu na kukata kinyago. Sura ya Raff ndiyo itakayomuudhi ndege. Sura yangu ndiyo itakayoleta nyama ya kusaga. Mungu atanielewa.

Nimempa ndege jina. Jemadari.

Jumatano, 11 Septemba

Kabla ya shule, darajani. Baridi. Umande hadi magotini.

Nilikuwa na sufuria, mwiko, kinyago na nyama mfukoni. Tatizo la kwanza: macho ya Raff yamekaribiana kuliko yangu. Nikivaa sura yake naona kwa jicho moja tu. Tatizo la pili: sikujua magpai huudhiwa na nini hasa. Kitabu hakisemi. Nikapiga sufuria na kucheza.

Ameudhika! Kanishukia mara ya kwanza, kakosa. Mara ya pili katoboa shavu la Raff. Mara ya tatu nikarudi kinyumenyume nikaingia kijitoni, sufuria na vyote. Nikainuka nikaendelea kucheza majini, maana elimu ya ndege haitaki kukatizwa.

Hapo akapita Mzee Gribble kwenye baiskeli yake ya betri. Mzee Gribble haoni mbali na husikia anachopenda. Akapunga mkono na kupaza sauti, "Vizuri, Boyle! Chapa mwendo, kijana!" Sikuwa na la kufanya. Nikampungia, mikono yote miwili, kwa mtindo wa Raff.

Kisha nikajificha nyuma ya mti, nikavua kinyago, nikatoka nikiwa mimi. Mpole. Mkono wazi. Jemadari akanitazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine, akashuka, akala kiganjani. Akaimba. Nimesoma mengi kuhusu mapenzi na nadhani ndiyo haya.

Nimechelewa shule. Nimesema nilianguka mtoni. Mwalimu kasema ndiyo maana anataka watoto wacheze michezo.

Alhamisi, 12 Septemba

Janga.

Bibi Pascoe ameingia buchani kununua soseji na kusema mbele yangu kwamba yule kijana wa Boyle kumbe ana nidhamu. Anaamka alfajiri, anafanya mazoezi darajani, na muziki juu, tena hadi ndani ya maji baridi! Mzee Gribble kamweleza kila kitu. Kaongeza kwamba Raff anacheza kwa maringo kama vijana wa zamani. Mke wa mkuu wa posta (sisi humwita mke wa posta), naye mwanachama, alikuwa pale pale, akasema yeye alikuwa hajaamua, sasa ameamua.

Nilikuwa nakata vitunguu, kwa hiyo hakuna aliyejua nalia.

Shuleni Raff mwenyewe kaja kuniuliza kama najua lolote. Kasema watu wanampongeza kwa kucheza na hajui wanaongelea nini, kwa hiyo anasema asante tu. Kisha akaona mnyororo wa baiskeli yangu umelegea. Akapiga magoti, akaukaza, akajifuta grisi kwenye suruali yake, akaniita kwa jina la ukoo, kama kawaida yake: "Haya, Nankervis, sasa utaruka." Hakuombwa! Mtu anayetengeneza mnyororo wa mpinzani wake ana hila isiyo ya kawaida. Lazima niwe macho.

Jioni Mama kauliza nyama ya kusaga inakwenda wapi. Nikasema ni paka. Hatuna paka.

Ijumaa, 13 Septemba

Jemadari yuko tayari. Nikitoa tu pembe ya kinyago nyuma ya mti, anashuka na vita. Nikitoa sura yangu, anashuka na wimbo. Kinyago kimebaki pua na nusu ya mdomo, kwa hiyo nimekichoma.

Raff kaja nyumbani. Kaniomba, kwa unyenyekevu kabisa, nimwambie chochote kuhusu lile daraja la mbao, maana yeye hajui hata kama lilijengwa au liliota. Nikaona mlango umefunguliwa na Mungu mwenyewe. Nikamwambia lilijengwa na fundi mmoja mwenye mkono mmoja, ambaye mke wake alimshikia kila msumari kwa meno.

Raff akakaa chini. Akasema hiyo ndiyo habari nzuri kuliko zote alizowahi kusikia. Akauliza jina la mke. Nikasema Philippa. Akashukuru mara nyingi.

Bibi Pascoe alikuwa mwalimu mkuu. Akisikia uongo huo wa Philippa, atamla mbichi.

Jumamosi, 14 Septemba

Siku yangu. Naandika kitandani katika hoteli ya zamani ya Sawmill Bend, chini ya picha ya kondoo.

Tulipandishwa basi dogo hadi Wirrabeen, baiskeli zikifuata kwenye tela. Asubuhi ilikuwa kama zawadi: ukungu mabondeni, miti ya mimosa imechanua njano tupu, hakuna gari hata la kusikia. Wanachama wote ni wa umri wa bibi na babu zangu, na wote wana baiskeli za bei kubwa kuliko nyumba yetu. Treni haikuweza kupanda mlima mkali, kwa hiyo njia inapanda polepole sana na hata Mzee Gribble aliweza kuendesha huku anakula ndizi. Raff alikuja nyuma akiwasukuma wanaochoka, bila kuombwa, mnafiki mkubwa.

Kituo cha kwanza: tangi la maji la treni. Nilikuwa na hotuba yenye sehemu mbili, tangi na maji. Upepo ukavuma. Sauti yangu ikaniacha ikaenda zake. Mzee Gribble akauliza kwa nguvu, "Anasemaje? Nani kafa?" Wakamwambia ni habari za tangi. Akasema analijua sana tangi hilo, aliwahi kutumbukia humo akiwa na suti ya harusi ya kaka yake. Akasimulia. Watu walicheka hadi wakashikilia baiskeli za wenzao. Nilipotaka kuendelea na sehemu ya maji, walikuwa wameshaondoka.

Kituo cha pili: handaki. Nilikuwa nimepanga tupite kimya kimya kwa heshima ya waliolichimba. Mke wa posta akapiga kengele ili asikie mwangwi. Wakapiga wote. Tulitoka upande wa pili kama harusi.

Hapo nikaamua kufidia. Nikawasimamisha kwenye mataruma ya zamani, zile mbao zilizobeba reli, na kuwaeleza aina za mbao. Zote. Nilikuwa naona midomo yao imeanza kubadilika rangi lakini nilidhani ni hisia, si baridi.

Tulipofika Sawmill Bend, kina mama wa ukumbi wa kijiji walikuwa wamesimama mlangoni, mikono imefungwa kifuani. Skoni zilikuwa zimepoa kwa kutungoja. Hapa kwetu mtu anaweza kuiba kondoo na baada ya miaka akaalikwa Krismasi. Skoni zilizopoa hazina msamaha. Bibi Pascoe alikata yake kwa kisu huku ananitazama mimi.

Nilidhani yamekwisha. Lakini wakati wa chakula, mke wa posta akauliza kwa woga kuhusu wale magpai wa upande wa Penhale. Mwaka jana walimtoa damu. Je, kuna dawa?

Ninawajua magpai! Nikajikuta nimesimama. Nikawaambia magpai ni mwoga, hushambulia kwa nyuma, na akiona uso unamtazama hathubutu. Kwa hiyo kila mtu aweke uso kisogoni mwa helmeti. Uso wowote. Macho makubwa, mdomo wazi. Nilisema bila kusitasita, sauti yangu ikafika hadi jikoni. Walisikiliza! Mzee Gribble alizima kelele zake mwenyewe. Bibi Pascoe akasema, "Hatimaye, Jory, kitu cha maana."

Kitu cha maana! Kesho Jemadari amalize kazi, na chumba ni changu.

Jumapili, 15 Septemba

Niandike haraka.

Nilitoka hotelini na kuwakuta wamejipanga tayari, migongo kwangu. Kila helmeti ilikuwa na uso kisogoni, kama nilivyofundisha.

Uso wa Raff.

Wote! Mzee Gribble, Raff. Mke wa posta, Raff. Bibi Pascoe, Raff wawili, mmoja wa akiba. Kundi zima la Raff limenigeukia linanichekea kwa meno yale yale. Bibi Pascoe akaeleza kwamba waliwaza watapata wapi nyuso usiku usiku, ndipo mtu akakumbuka shangazi yake Raff alijaza vipeperushi kwenye basi, lile lililotuletea mizigo hotelini. Akanisifu tena kwa wazo. Akanibandikia na mimi mmoja. Kwa gundi.

Nikamtafuta Raff mwenyewe. Alikuwa amejipaka ile krimu nyeupe ya jua kuanzia paji la uso hadi kidevuni, kama mtu aliyeanguka kwenye unga, na miwani myeusi juu yake. Hata mama yake angempita njiani.

Nilijaribu. Naomba iandikwe kwamba nilijaribu. Nilimwambia Bibi Pascoe labda kwa leo tungepita barabarani. Akasimamisha baiskeli. Akaniuliza kama nina homa. Chama kimehangaika miaka na miaka kupata njia isiyo na magari, sasa mimi nataka kumpeleka chini ya lori la kondoo? Nikasema hapana, bibi. Akasema basi nipige pedali.

Ilikuwa safari nzuri sana, na hilo liliniuma zaidi. Raff hakuhutubia. Aliwaacha wateremke vilima kwa kasi, miguu juu, wakipiga kelele kama watoto. Alisimama pale tu palipokuwa na jua na pa kukaa. Alipowafikisha karibu na daraja la mbao akawasimulia fundi wa mkono mmoja na misumari katika meno ya Philippa. Mke wa posta alilia. Mzee Gribble akasema bibi yake alimfahamu Philippa. Bibi Pascoe, mwalimu mkuu, mla watu, akatoa leso! Akasema miaka yote hiyo ya kufundisha hakuna aliyewahi kumwambia.

Nilikuwa nikitazama juu ya mkaratusi.

Jemadari alikuwa juu ya tawi. Aliona Raff. Akaona Raff mwingine. Akaona mto mzima wa Raff ukiingia darajani. Nadhani kwa ndege ilikuwa kama jinamizi tulilo nalo sisi kuhusu mtihani.

Akashuka.

Sitaeleza yote. Alimpiga mke wa posta kisogoni, akageuka bila kutua, akampiga Mzee Gribble, aliyepiga kelele "Vita vimeanza!" na kugandamiza kitufe cha betri hadi akaishia kichakani. Alichana vipeperushi. Alinyea. Baiskeli zililala kila upande. Bibi Pascoe alikaa chini katikati ya daraja, ameweka pampu begani kama bunduki, akitoa amri. Mimi nilikuwa chini ya baiskeli yangu, sura ya Raff imeganda kisogoni, nikidonolewa na rafiki yangu wa dhati.

Na Raff? Hakuguswa! Ndege alimpita kama mti. Alivua koti lake, akalinyanyua juu ya kichwa cha mke wa posta, akamvusha. Akarudi. Akamvusha mwingine. Alikwenda na kurudi, akiwaimbia ili wasiogope, hadi wote wakavuka, na mwisho akaja akanitoa mimi chini ya baiskeli kwa kunivuta miguu. "Twende, Nankervis," akasema, "huyu ndege leo kaamka vibaya."

Upande wa pili helmeti yangu ikanitoka kichwani. Nikageuka. Jemadari akaniona, mimi halisi. Vita vikaisha hapo hapo. Akaruka, akatua kwenye usukani wangu, akaimba kwa utamu usioelezeka, kisha akaingiza mdomo mfukoni mwangu na kuvuta kimfuko cha nyama ya kusaga.

Bibi Pascoe alitazama ndege. Akatazama nyama. Akabandua sura ya Raff iliyochanika kwenye helmeti yake, akaitazama hiyo, kisha akanitazama mimi, taratibu, kama anavyosahihisha mtihani. Akauliza, "Jory, wewe na huyu ndege mnajuana?"

Nikasema kwa sura tu.

Kasema tu kwamba helmeti zote zitaoshwa na mimi, kwa mswaki, na kwamba atapita buchani kuongea na mama yangu kuhusu yule paka mla nyama ambaye Mama alishamtajia.

Kura zilipigwa stesheni. Karibu mikono yote ilikwenda kwa Raff. Mimi nilipata mmoja, wa Mzee Gribble, ambaye alidhani wanauliza nani anataka chai.

Bibi Pascoe akamkabidhi Raff ufunguo. Mkubwa, wa chuma, wa kizamani, mzuri kuliko nilivyokuwa nikiota. Raff akaugeuzageuza. Akaniuliza ni wa nini. Nikamwambia.

Akaniambia, "Wa vitabu? Huu ndio ulikuwa unautaka? Chukua, bwana! Vumbi la vitabu linanipigisha chafya hadi nazimia. Mimi nitawaleta wageni, wewe utawafungulia. Kwani ungeniambia tu ningekataa?"

Akanitia ufunguo mkononi, akaenda kula skoni. Za moto.

Nimekaa nao hapa kitandani. Una uzito. "Ungeniambia tu." Nimeandika maneno hayo kwenye kipande cha karatasi na kukibandika ukutani. Nayatafakari.

Jumatano, 25 Septemba

Likizo. Nimekuwa ndani ya Chumba cha Kusomea kila siku tangu shule zifungwe. Kinanuka ngozi, ukungu na panya. Peponi patakuwa hivi. Nina meza yangu chini ya dirisha, na kwa ndani naliona doa la pua yangu kwenye kioo. Nimekataa lifutwe.

Raff hushusha wageni mlangoni, nami nawaeleza kwa sauti ya kawaida, kwa kuwa ndani hakuna upepo. Jana mmoja aliniuliza kuhusu Philippa. Nilimwonyesha alipozaliwa.

Kuna tatizo moja tu.

Kwa kuwa chumba sasa kiko wazi, Bibi Pascoe amehamishia humo kikundi chake cha kufuma. Kila Jumatano! Leo walikuja na mabegi ya sufu, birika na viti. Walikaa kwenye meza yangu. Chini ya dirisha langu. Waliongea kuhusu nyonga zao tangu chai ya kwanza hadi ya mwisho. Nilisoma ukurasa mmoja asubuhi nzima, na katika kumbukumbu yangu mchimba dhahabu wa ukurasa ule sasa ana nyonga mpya.

Nikamlalamikia Raff. Kasema nimwombe Bibi Pascoe wahamie chumba kingine cha stesheni, ni kikubwa, kina jua, na hakitumiki. Kasema bibi mwenyewe atafurahi. Kasema, "Mwambie tu, ndugu yangu."

Nilirudi nyumbani nikatazama karatasi ukutani. Nimeutafakari ushauri huo kwa makini, kutoka pande zote, kwa muda usiopungua chai moja.

Nimeukataa.

Kwa sababu leo, juu ya kiti cha Bibi Pascoe hasa, nimesikia kitu kinatembea darini. Ni posamu, mnyama wa mitini wa ukubwa wa paka, mnene, mwenye mkia wa manyoya. Na kwenye rafu ya tatu kuna kitabu kuhusu posamu, ambacho kinasema hawawezi kukataa tofaa, na kwamba ukiwazoesha watashuka popote utakapoliweka. Kwa mfano, ndani ya begi la sufu.

Kesho naanza mazoezi.

Mama anauliza matofaa yamekwenda wapi. Nimemwambia ni yule yule paka.